Borne Juu ya Paa la Renilde

Katika mji wa Baraka mtu anaweza kukosa maji, akakosa umeme, akakosa barabara ya kufika Fizi mvua ikinyesha, lakini hawezi kumkosa mtu wa kumwomba kitambulisho. Ndikuriyo Pierre-Claver alilijua jambo hilo kuliko wote, kwa kuwa alikuwa akilipigia kelele tangu ndevu zake zianze kuota. Alipiga kelele juu ya barieri, zile kamba zinazofungwa barabarani kuzuia wapitaji. Alipiga kelele juu ya vijana wanaokaa kwenye kamba hizo na kuuliza unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini. Shule hakusoma ya maana. Kifaransa alijifundisha kwa magazeti ya kufungia samaki, sheria alijifundisha kwa kubishana na polisi, na kila alichojifundisha alikitumia kumkasirikia mtu. Tena alikuwa hasahau. Ukimsalimu vibaya leo, siku utakapokuwa mzee atakukumbusha, pamoja na shati ulilokuwa umevaa.

Basi mtu huyo ndiye aliyejenga barieri kubwa kuliko zote za Baraka. Aliijenga sebuleni kwake, akaisimamia mwenyewe, na hakuiona.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mdogo wake Déogratias, aliyepelekwa Kanada pamoja na wakimbizi wengine, alimpatia sahani ya setilaiti ya kuleta intaneti. Claver aliipandisha juu ya bati, akaiunganisha na paneli za jua na betri, akaweka neno la siri, akawaambia watu wa nyumbani peke yao. Neno la siri lilitoka uani kabla yeye hajashuka kwenye ngazi. Mchana uleule ukuta wa nyumba ulikuwa umepangwa watu kama ndege kwenye waya, kila mmoja na simu yake, na Claver mwenyewe, mwenye sahani, mwenye jua, mwenye betri, hakuweza kufungua hata picha moja.

Hapo akajifungia na kompyuta yake ya zamani, ile isiyokuwa na kitufe cha herufi R. Alitazama video za Wahindi wanaofundisha haraka kuliko wanavyopumua. Alisoma vitabu vya Kifaransa vyenye michoro. Mwishoni alipata kitu ambacho tangu siku hiyo alikipenda kuliko chakula: programu ya bure ya kusimamia borne. Borne ni vile visahani vyeupe vya kurushia wifi. Claver alikuwa navyo viwili. Kimoja alikipachika nyumbani kwake. Cha pili alikipachika juu ya paa la dada yake Renilde, ng'ambo ya njia, kwa sababu nyumba ya Renilde imekaa kwenye mteremko, na kutoka pale wifi ilirudi vizuri mpaka jikoni kwa Claver na kwenye chumba cha binti yake Irambona. Programu ilikaa ndani ya kompyuta sebuleni, na kutoka hapo iliviamuru vyote viwili.

Ilimwonyesha kila simu iliyoingia, jina lake, nguvu yake, imekula kiasi gani. Borne iliyo hai ilikuwa na nukta ya kijani, iliyokufa nukta nyekundu. Kwa kubonyeza tu aliweza kumpunguzia mtu kasi mpaka video yake ikawa picha, na kwa kubonyeza tena akamtoa kabisa. Maisha yake yote Claver alikuwa mtu wa kuandika malalamiko ambayo hakuna aliyeyajibu. Sasa alikuwa anabonyeza na kitu kinatokea. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alikuwa mbele ya kompyuta.

"Papa Irambona," mke wake Anastasie alimwuliza siku moja, "unaangalia nini apo kama muntu anasoma Biblia?"

"Niko naangalia bantu."

"Bantu biko inje. Fungua dirisha."

Hakufungua dirisha. Aliongeza fomu. Mtu yeyote aliyetaka kuingia kwenye mtandao wake alikutana kwanza na ukurasa wenye maswali mawili: jina lako, na sababu ya kuingia. Akishajaza, likatokea Tamko, ambalo Claver aliliandika mwenyewe, refu kama safari ya Kilembwe, juu ya ubaya wa barieri. Chini kabisa ya Tamko kulikuwa na kitufe: Nimesoma na nimekubali. Hata hapo hujaingia bado. Claver aliwapitisha watu mmoja mmoja kwa mkono wake, akipima sababu zao, na alipolala mchana hakuingia mtu.

"We njo barieri sasa," Anastasie alimwambia.

"Haifanani kabisa!"

"Ndiyo, haifanani. Ile ya barabarani unapita bila kusoma."

Claver alicheka kwa pua, cheko la mtu ambaye haeleweki katika kizazi chake.

Halafu kulikuwa na habari ya Lionel.

Lionel alikuwa na kibanda sokoni cha kuchaji, kutengeneza na kuuza simu. Kosa lake lilikuwa la siku ya mkutano kwenye uwanja wa mpira. Siku hiyo Claver alipewa maikrofoni, na kama ilivyo kawaida, aliyempa hakujua anachokifanya. Claver alianza jua likiwa juu. Alihutubia juu ya uchovu wa raia. Jua likashuka. Kivuli cha goli kikafika katikati ya uwanja. Akainua mkono, akauliza kwa sauti ya kutetemesha spika: "Raia, mumechoka?"

"Tumechokaaa!"

Moyo ukamjaa. "Sisikii! Mumechoka?"

"Tumechokaaa!"

Na Lionel, aliyekuwa mstari wa mbele kabisa, akapaza sauti: "Basi kaa chini, papa, na sisi tuende!"

Uwanja mzima ulicheka. Mchungaji alicheka, mwenye spika alicheka mpaka akazima mashine kwa bahati mbaya. Lakini jua lilikuwa machoni mwa Claver, na yeye alimwona mmoja tu, Lionel, meno nje. Akashuka jukwaani na kuweka sura hiyo ndani ya kumbukumbu yake, mahali pazuri, pakavu.

Kwa hiyo siku jina la simu ya Lionel lilipotokea kwenye kompyuta, Claver alisugua mikono. Kuifunga tu aliona haitoshi. Mtu akifungiwa anaweza kufikiri ni betri, ni mawingu. Claver aliitengenezea simu ile ukurasa wake yenyewe, ambao ungefunguka kila inapojaribu kuingia. Aliandika:

*Wewe. Ulicheka. Nilikuona. Sina haraka na sisahau. Hapa kwangu hautaingia mpaka uje mwenyewe kuomba radhi mbele ya watu. P.-C. N.*

Alimsomea Anastasie kwa sauti. Anastasie alikuwa anachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Iko muzuri," alisema. "Sasa ona kama ule mukebe wa mafuta iko na kitu ndani."

Muda ukapita. Lionel hakuja kuomba radhi. Badala yake, kwenye mtandao alitokea mtu mwingine, ambaye Claver hakumjua lakini alimpenda kama mtoto. Kwenye fomu, penye jina, mtu huyo aliandika *Mupenda-Haki*. Penye sababu ya kuingia aliandika: *Kujifunza kutoka kwa Tamko*. Claver alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta. Mupenda-Haki alipewa kasi kubwa kuliko ya wote, kubwa kuliko ya Irambona aliyekuwa anasomea uuguzi kwa mtandao huohuo.

"Muntu mumoja," Claver alimwambia mkewe. "Hata akiwa mumoja tu katika Baraka nzima. Mbegu imeota."

Katika siku hizohizo Renilde aliacha kuvuka njia.

Renilde alikuwa dada yake mkubwa, au yaya wake, kama wanavyosema huko. Wazazi wao walipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, baba alibeba mikeka, mama alibeba kifurushi cha udongo wa kwao, na Claver alibebwa na Renilde, yeye mwenyewe akiwa msichana mdogo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kunywa chai kwa mdogo wake na kumwambia amekonda. Sasa Jumapili zilipita. Claver alidhani ni miguu, kwa kuwa wazee wote wa Baraka wana miguu. Hakwenda kuuliza. Alikuwa na kazi: kuna simu moja iliyokuwa inaingia kwa jina la uongo.

Miguu hiyo ikaja kuwa jambo kubwa Irambona alipopata mchumba. Jina lake Eddy, fundi wa injini za mitumbwi kutoka Kazimia, kijana wa maneno machache na mikono yenye grisi. Watu wake walituma habari kwamba watakuja Jumamosi kwa mtumbwi kuomba binti. Na kwa ukoo wa Claver iko desturi isiyoruka mtu: msemaji wa wageni akishamaliza, baba hafungui kinywa. Kwanza shangazi wa binti anashika kikombe, anasema "Nimesikia", anakunywa, ndipo anampa kaka yake. Shangazi asipokunywa, wageni wanabeba vinywaji vyao na kurudi walikotoka, na hawaulizi kwa nini. Kwa binamu mmoja huko Swima ilitokea hivyo. Wale wachumba kila mmoja alipata ndoa kwingine.

Anastasie alivuka njia kumpa Renilde habari ya Jumamosi. Alirudi amekunja uso.

"Shangazi ya batoto anasema hatakuja."

"Juu ya nini?"

"Anasema: ajue mwenyewe kile aliandika."

Irambona alikuwa mlangoni. Hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Papa," alisema, "kama shangazi hatakuja, Eddy anarudia Kazimia na bira yake. We njo utaenda kumuvuta?"

Claver alikaa kutafakari alichoandika. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa ameandika mengi. Alikuwa ameandika juu ya wenye mitumbwi, juu ya wauza sukari, juu ya vyama vya akiba. Hatimaye akakumbuka: aliwahi kuandika kwamba kwaya ya kanisa inaimba kulaza watu usingizi wakati raia wanaonewa, na Renilde ni sauti ya pili katika kwaya hiyo. Ndiyo hiyo! Akaketi, akaandika maelezo marefu ya kuonyesha kwamba alikuwa na haki kuhusu kwaya kwa jumla, ila sauti ya pili haihusiki. Na kwa kuwa aliona njia ya hakika ya kumfikia dada yake ni mtandao unaotoka juu ya paa lake mwenyewe, aliyaweka maelezo hayo mwanzoni kabisa mwa Tamko, ili asiweze kuyaruka.

Renilde hakuyaona. Waliyaona wengine wote. Kesho yake kwaya nzima ilikuwa uani kwa Claver, pamoja na mpiga ngoma, na hawakuja kuimba.

Ijumaa asubuhi Claver alifungua kompyuta kama kawaida, akakuta nukta ya borne ya pili ni nyekundu.

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Alitoka nje akaona watu waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wa Renilde wanasimama mmoja mmoja na kuinua simu juu, kama wanaompa Mungu asome. Borne ilikuwa palepale kwenye paa, lakini waya wake ulikuwa umechomolewa na kuning'inia.

Mtu wa kawaida angevuka njia na kuuliza mwenye nyumba. Claver alikuwa mtu wa kumbukumbu. Hujuma, sabotaji! Siku moja kabla ya binti kuombwa! Nani katika Baraka alikuwa na kisa naye juu ya mtandao? Alifunga vifungo vya koti, akaenda sokoni moja kwa moja.

Lionel alikuwa ndani ya kibanda chake, ameegemea betri ya gari, simu mkononi.

"Papa Claver! Karibu. Leo konekisyo iko na shida gani?"

"Unaniuliza mimi? We njo ulikata waya!"

"Waya gani?"

"Ulilipiza juu nilikufungia!"

Lionel alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ulinifungia lini? Mi niko kwako kila siku. Hata ile mechi ya jana niliiangalia kwako. Ilikuwa inaenda kama maji, aksanti sana." Akageuza simu ili Claver aone. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa kuingilia wa mtandao wa Claver, na penye jina pameandikwa Mupenda-Haki.

Claver alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kitu, akakaa juu ya betri.

"We njo Mupenda-Haki?"

"Si mulisema tuandike sababu? Nikajiuliza, huyu muzee anapenda nini. Nikaandika."

"Na Tamko? Ulikuwa unasoma?"

"Papa Claver." Lionel alishusha sauti, kama daktari. "Kusoma? Nilikuwa nafinya tu kule chini."

Claver alivua miwani, akaivaa tena, na wauza nyanya wa karibu wakageuka kutazama. "Lakini nilifunga simu yako," alisema. "Nilifunga ile ya zamani. Ile nyeusi yenye kioo kimepasuka pembeni."

"Aaa, ile! Ile niliuzisha zamani. Alinunua bibi yako."

"Bibi yangu nani?"

"Uko nabo ngapi? Mama Irambona. Alisema ni zawadi ya shangazi ya batoto, ile yake ilianguka mu maji."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi, lakini Claver aliirefusha. Mwanzoni aliikasirikia programu. Waliotengeneza kitu kile, aliwaza, wanakaa mahali ambapo mtu ananunua simu dukani ikiwa ndani ya sanduku na kuitumia mpaka izeeke naye. Kwa hiyo programu inaamini kwamba simu ni mtu. Baraka simu ni kama kiti cha msibani: leo amekaa huyu, kesho yule, na anayekilaani kiti hajui anamlaani nani. Hilo hata muuza ndagala angelijua. Yeye peke yake, mtu mwenye macho ya kuwaona maadui wote wa raia, ndiye aliyefunga kioo kilichopasuka na kudhani amemfunga Lionel.

Ila kilichomchoma zaidi ni maneno. Aliyarudia moja moja. Wewe. Ulicheka. Nilikuona. Kila alipoyarudia aliona uso wa yaya wake ukiyasoma kwenye kioo kilichopasuka, uani kwake, chini ya borne yenyewe.

Alifika, akaketi mbele ya kompyuta, akafanya alichojua kufanya. Alifungua orodha ya waliofungiwa, akaifungulia ile simu. Akaipa kasi kubwa kuliko ya Mupenda-Haki. Akafuta ule ukurasa, akaandika mwingine: *Yaya, karibu. Ilikuwa kosa.* Alifikiri kuongeza aya mbili juu ya mazingira ya kosa, akajizuia, akajisifu kwa kujizuia. Halafu akakaa kungoja jina la Renilde litokee.

Anastasie aliingia akamkuta hivyo.

"Umemuomba radhi?"

"Nimemufungulia."

"Ulimuambia?"

"Ataona."

"Ataona na nini? Borne amechomoa. Na ile telefone ameizima, anafunikia nayo gilasi ya maziwa, minaiona kwa macho yangu." Anastasie alifunga kompyuta kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefunga macho ya marehemu. "Papa Irambona. Ni kuvuka njia tu."

"Na we njo ulimununulia ile simu. Haukuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unaangalia bantu."

Claver alivuka njia.

Ukutani mwa Renilde watu walikuwa bado wamekaa. Mtandao ulikuwa umekatika, hawakuwa na la kutazama, kwa hiyo walimtazama yeye. Renilde alikuwa nyuma ya lango lake la mianzi, kwenye kigoda, anamenya mihogo. Hakuinuka. Claver alipogusa lango, kisu kikasimama.

"Simama apo. Jina lako?"

"Yaya, ni mimi."

"Minauliza jina."

Claver alitazama nyuma. Ukuta mzima ulikuwa umeegemeza masikio. "Ndikuriyo Pierre-Claver."

"Sababu ya kuingia?"

"Kuomba radhi."

"Andika vizuri, sisomi."

"Kuomba radhi, yaya!"

Ukutani mtu alikohoa cheko. Renilde aliendelea kumenya. "Nitaangalia. Kwanza iko Tamko. Utasikia mpaka mwisho, na hapana kufinya kule chini."

Basi akamwambia. Alimwambia kwamba borne iko juu ya nyumba yake, mvua inapitia kwenye misumari ya borne na kudondokea kitandani kwake, watu wanaegemea ukuta wake mpaka umepinda, na katika kartiye nzima, mtaa wote, mtu pekee asiyekuwa na wifi ni yeye. Alimwambia kwamba aliposoma yale maneno aliona giza, akaita jirani amsomee tena, labda macho yake yamekosea. Jirani akasoma kwa sauti.

"Na kweli nilicheka," Renilde alisema. "Ile siku ya uwanja. Nilicheka mpaka kitambaa ikaanguka. Nikajisemea, huyu mutoto aliniona, kumbe jicho yake inafika mpaka nyuma kwa bamama."

"Sikukuona, yaya. Ilikuwa ya Lionel. Wewe sikukuwazia hata kidogo."

"Kwa hiyo Lionel angeisoma, ilikuwa muzuri?"

Claver alianza kuchuna maganda ya mianzi ya lango. Alikuwa na majibu ya kila kitu, hata ya maswali ambayo serikali haijawahi kuuliza.

"Nani hakucheka?" Renilde aliuliza, sasa akiuliza ukuta.

"Hata mi nilicheka, shangazi," ilisema sauti ya Irambona kutoka ng'ambo ya njia.

"Na mimi," alisema Anastasie. "Nilijificha nyuma ya mwenye spika."

"Nilizima nayo mashine," alisema mwenye spika, ambaye naye alikuwa ukutani.

Renilde aliweka kisu chini. "Mi nilikubeba toka Burundi mpaka huku. Ulikuwa unalia, ulinikojolea mugongo, na bantu banasema nikuweke chini juu unatoa sauti, batatusikia. Sikukuuliza jina. Sikukuuliza sababu ya kuingia."

Hakuna aliyecheka hapo. Claver alishika mianzi ya lango kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Aliomba radhi. Aliomba kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu Baraka imjue, mbele ya watu wengi hivyo, hakuna aliyesikia alichosema isipokuwa aliyeambiwa.

Renilde aliokota muhogo mmoja, akaumenya mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kesho nitakuja. Lakini hautatoa hotuba."

"Hata fupi?"

"Hata ya kushukuru."

"Yaya, baba ya binti anapashwa kusema kitu!"

"Utasema. Lakini umalize kabla mi sijameza mate. Ukipitisha, natema kile kikombe, na Eddy anaenda." Aliinuka, akafungua lango. "Na ile fomu yako, ondoa leo. Haya, ingia. Umekonda."

Jumamosi mtumbwi kutoka Kazimia ulifika jua likiwa zuri. Hema uani kwa Claver lilikuwa limejaa. Mtandao ulikuwa umefunguliwa kwa wote, na kwa kuwa ulifunguliwa kwa wote ulikwenda kama konokono. Déogratias, aliyekuwa anatazama kutoka Kanada, alionekana kwenye simu ya Irambona akiwa amekauka na kinywa wazi, sura ya mtu aliyepigwa na habari mbaya. Hakuna aliyejali.

Msemaji wa wageni alikuwa mwenye mitumbwi mmoja aitwaye Yasini, mtu wa sauti nzuri na tarehe mbovu. Alisema wamekuja kwa njia ya ziwa kwa sababu daraja la barabara lilibomoka mwaka ambao Claver alijua wazi kwamba daraja lilikuwa zima. Claver akainua kidole. Renilde, aliyekaa kando yake, hakumtazama. Alimeza mate tu, polepole, ili aone koo likishuka. Kidole kikarudi mapajani. Yasini akaendelea. Alisifu viongozi. Akasema siku hizi barabarani watu wanapita bila kusumbuliwa. Jasho lilimtoka Claver kwenye nyusi, mshipa wa shingo ukasimama, na Anastasie alimpepea kwa nyuma kama mtu anayeokoa nyama isiungue.

Hatimaye Yasini alikaa. Kikombe kikaletwa.

Renilde alikishika kwa mikono miwili. Akakitazama. Eddy, kwenye mkeka, alikuwa anasugua grisi kwenye vidole vyake. Irambona alikuwa anakunja kona ya kitenge. Renilde aliachia kimya kikae, kwa raha zake, mpaka watoto nao wakanyamaza.

"Nimesikia," alisema, akanywa, akampa kaka yake.

Vigelegele vilipotulia watu wote walimgeukia Claver. Waliomjua walijiweka sawa kwenye viti. Mama mmoja alilaza mtoto wake chini vizuri. Claver alisimama na kikombe. Ndani ya kifua chake palikuwa na mwaka wa sabini na mbili, palikuwa na lile daraja, palikuwa na kamba zote za kutoka Baraka mpaka Fizi na majina ya waliozikalia. Akavuta pumzi. Renilde akakusanya mate.

"Karibuni," Claver alisema. "Chakula kiko tayari."

Makofi yalipigwa ambayo Baraka haijawahi kumpigia mtu. Watu walisimama. Yasini alimkumbatia. Mwenye spika alipiga mluzi. Yalidumu muda mrefu kuliko hotuba yake yoyote iliyowahi kusikilizwa, na Claver alikaa chini akiwa na furaha kwa ajili ya binti yake, lakini pia amekasirika kidogo: miaka yote ile anawapigania, kumbe walichokuwa wanangoja ni wali.